Koti la Kobalti

Siku ya kwanza alinipa ufagio. Nilikuwa nimetoka kupata diploma yangu ya kemia, nimevaa viatu vipya, nimekuja na barua inayosema kwamba kuanzia siku hiyo mimi ni msaidizi wa profesa katika labo, maabara ya chuo kikuu. Aliisoma barua ile yote, mstari kwa mstari, akaikunja vizuri na kunirudishia, kisha akafungua kabati.

"Anza na kufagia, mwana. Kisha upanguze meza. Njo tutajua kama unaona." Kwetu Katanga "njo" ni "ndipo".

Nilifagia kwa hasira. Nilipomaliza, alipita nyuma yangu taratibu, akainama, akaokota kipande cha kioo kidogo kama punje ya mchele, akakiweka juu ya meza mbele yangu. Kwa mujibu wa karatasi mimi nilikuwa juu yake. Kwa mambo mengine yote nilikuwa chini yake, na sikuhitaji wiki nzima kulijua hilo.

Sote tulimwita Shefu. Hakuwa profesa, alikuwa mkuu wa labo, mtu wa funguo, chupa, mizani na waya. Maprofesa walikuja na kuondoka, wengine walienda Ulaya kwa semina na hawakurudi tena. Yeye alibaki. Kila asubuhi alifika na tai shingoni, akavaa juu yake koti la kazi lililotobolewa na asidi pote. Matundu yale aliyaziba mwenyewe kwa uzi wa buluu, ingawa koti lilikuwa jeupe. Nilipomuuliza kwa nini hakutafuta uzi mweupe, alisema alitaka kuona vizuri palipoharibika.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kukivika chuma koti. Ndivyo alivyoiita. Katika Katanga watu wengi walijua namna ya kutoa shaba kwenye maji kwa umeme. Viwanda vya migodi viliishi kwa hilo. Yeye alijishughulisha na sahani zinazosimama ndani ya maji yale na kupitisha umeme. Sahani ya chuma cha kawaida huliwa haraka. Sahani ya titani hailiwi, lakini hujifunga, ikakataa umeme. Basi inatakiwa ivikwe utando wa oksidi unaokubali umeme na usiokubali kuliwa.

Alichagua kobalti, kwa sababu kobalti ilikuwa ya kwetu. Aliyeyusha chumvi yake, maji yakawa ya waridi iliyokolea, akatumbukiza sahani, akafungua umeme kidogo sana. Utando ulijishika polepole kama ukungu kwenye kioo. Aliutoa, akausuuza, akaukausha, akauchoma katika tanuru hadi ukawa mweusi. Kisha akarudia. Mara kumi, wakati mwingine kumi na tano, kwa sahani moja yenye ukubwa wa daftari.

"Courant kidogo, saa mingi," aliwaambia wanafunzi waliotaka kuongeza umeme ili waende nyumbani mapema. "Ukiongeza, itakuya nono, utafurahi. Kesho itaanguka yote."

Nisimfanye mtakatifu. Alikuwa mchoyo wa maji safi, yale yaliyochemshwa na kukusanywa tone kwa tone; aliwapimia wanafunzi kama dawa. Alikataza mtu yeyote kula ndani ya labo, lakini saa sita mchana yeye mwenyewe alitoa viazi vitamu katika tanuru dogo la kukaushia, lile lililoandikwa SAFI kwa mwandiko wake mzuri wa misheni. Nilipomkumbusha sheria yake, alijibu kwamba tanuru lile halijawahi kuona sumu, kwamba yeye ndiye aliyelinunua sokoni, na kwamba kama ninataka nusu ya kiazi niseme tu. Nilisema. Tangu siku hiyo tulikula pamoja.

Hakuweza kuvumilia namba ya uongo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuandika kipimo ambacho hakukisoma, alikikisia tu kwa kuwa jana yake kilikuwa vile vile. Shefu alimfukuza labo mwezi mzima. Profesa alikuja kumwombea yule kijana, baba yake akaja pia na kuku wawili. Kuku walirudi nyumbani na yule baba.

Lakini mtu huyo huyo nilimsikia kwa masikio yangu akimdanganya askari mchana kweupe.

Ilikuwa ule wakati mji ulipoporwa. Kwanza waliingia askari madukani, kisha raia wakaingia nyuma yao, na kwa siku kadhaa ungeweza kuona barabarani mtu amebeba mlango, mwingine amebeba sinki. Chuo kilifungwa. Shefu alikuja kwangu asubuhi akaniambia tuokoe redresseur kabla haijageuzwa sufuria. Redresseur ni kile kisanduku kizito kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme wa upande mmoja. Bila hicho hakuna koti. Tulikifunga kwenye baiskeli yake, tukakifunika magunia ya unga wa mihogo. Chupa ya kobalti niliibeba mimi ndani ya kikapu, chini ya matembele. Tulitembea kutoka chuoni kuelekea Kampemba, alikokaa.

Kwenye kizuizi, askari aligonga gunia kwa mtutu wa bunduki. Lililia kama chuma.

"Iko nini mu ile mufuko?"

"Harmonium, kinanda ya parokia," alisema Shefu. "Tunaipeleka kwa fundi."

"Harmonium?" Yule askari aliitazama tai yake. "Basi, imba."

Shefu akaimba. Kilatini, katikati ya barabara, ameshika usukani wa baiskeli, sauti yake mbaya kama mlango wenye kutu. Aliimba ubeti mzima, akaanza wa pili. Askari wakacheka hadi mmoja akaketi chini, wakatufungulia njia. Mimi nilitembea nimekumbatia kikapu. Yeye alitembea ameinamisha kichwa kwa aibu. Jumamosi alikwenda kuungama.

"Padri alicheka," aliniambia Jumatatu. "Sikupenda vile alicheka."

Redresseur ikakaa chumbani kwake chini ya picha ya Bikira Maria, na labo yetu ikawa ua wa nyumba yake. Hatukuwa na wanafunzi. Mshahara haukuja. Mke wake aliuza mkaa na kutuletea uji. Shefu aliendelea kuvaa tai.

Mwaka uliofuata ndipo yalipotokea yale yaliyotutenga.

Watu wa Kasai, jimbo la jirani, walikuwa wanafukuzwa Katanga. Wengi wao walizaliwa hapa hapa, baba zao walikuja kufanya kazi migodini na kwenye reli, na huko walikoambiwa warudi hawakuwahi kufika hata siku moja. Walifurika stesheni kusubiri treni zisizokuja, wakalala chini ya maturubai na mashuka yaliyofungwa kwenye fito. Maji yalikuwa ya kisima kimoja na ya mitaro. Kipindupindu kikaingia.

Muuguzi wa zahanati ya jirani alikuja uani kwa Shefu, mama mnene aliyezoea kuongea haraka, na siku hiyo aliongea polepole. Dawa ya javel ya kusafishia maji ilikuwa imekwisha mjini. Maduka yalikuwa matupu. Alikuwa amesikia kwamba kuna mzee anaweza kuitengeneza kwa chumvi ya jikoni na umeme. Ni kweli?

"Ni kweli," alisema Shefu. "Chumvi, maji, courant. Na sahani nzuri."

Sahani nzuri ndiyo tuliyokosa. Tulikuwa na mbili ndogo tu zilizokamilika, hazikutosha ndoo tatu kwa siku. Tulijaribu vijiti vya makaa kutoka kwenye betri kuukuu. Vilimomonyoka, maji yakawa meusi kama wino. Vipande vinne vikubwa vya titani tulikuwa navyo, vilivyotoka kwenye kiwanda kilichosimama, lakini vilikuwa uchi.

Mchana huo profesa wetu, mkuu wa idara, alifika na pikapu. Nyuma alikuwa amepakia sahani mbili kubwa za madini ya risasi, yale tunayoyaita plomb, zilizotumika miaka mingi katika kutoa shaba. Zilikuwa zimevaa oksidi yao wenyewe, ya kahawia.

"Shefu, hizi hapa. Kubwa, tayari. Leo hii tunapata mapipa mawili."

Shefu alizunguka pikapu. Alipitisha ukucha juu ya ile kahawia.

"Chini yake kuko plomb."

"Najua kuko plomb."

"Mu asidi ya shaba inavumilia. Mu chumvi itapasuka. Ikipasuka, plomb inaingia mu maji, na batoto njo batakunywa."

"Bantu banakufa leo, Shefu! Leo! Plomb inaua kisha miaka."

"Haitoke mu mifupa. Inaikala mu mutoto, inamuharibu bongo. Nani ataenda kubatafuta mu Kasai, abaambie?"

"Unahitaji siku ngapi kuvika zile zako?"

"Mbili. Ao tatu."

Profesa alinigeukia mimi. Nilijua anataka niseme nini, na nilikisema, kwa sababu ndicho nilichokiamini. Nilisema tuzitumie za risasi kwa siku hizo mbili, kisha tubadilishe zikiwa tayari za kobalti. Shefu alifuta ukucha wake kwenye koti. Aliingia ndani, akatoka na waya wa redresseur, akaukunja, akautia mfukoni mwa koti lake lenye matundu ya uzi wa buluu.

"Kwa ile kazi, haitawaka," alisema.

Profesa aliwasha pikapu akaondoka bila kuaga. Mimi nilibaki. Ningeweza kuondoka pia, lakini kulikuwa na sahani nne za kuvika.

Mwenzetu wa mtaa, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyesafirisha bidhaa kwa lori, alitukopesha betri zake mbili kwa saa zile umeme ulipokatika. Tanuru tulilitengeneza kwa pipa lililokandikwa udongo, tukalijaza makaa ya mke wa Shefu. Kuvika, kusuuza, kukausha, kuchoma. Muuguzi alikuja asubuhi na jioni. Alisimama tu kwenye mlango wa ua, akaona pipa linawaka, akarudi zahanati.

Siku ya pili mchana tulikuwa tumefika tabaka la saba, na nilianza kuwaza kwamba kesho alfajiri tutakuwa na javel. Nilikwenda kununua chumvi zaidi. Niliporudi nilimkuta amepiga magoti, ameshika karatasi ya msasa, anakwangua. Sahani mbili kati ya nne zilikuwa zimekwisha kung'aa tena kama siku zilipozaliwa. Pembeni yake palikuwa na vipande vya skochi, ule utepe wenye gundi; ndivyo alivyopima kazi yake, alibandika skochi juu ya koti, akaivuta na kutazama kama imetoka na weusi.

"Shefu! Unafanya nini?"

"Haikukamata."

"Zote?"

"Hizi mbili. Tunaanza tena."

Niliketi chini palepale juu ya mfuko wa chumvi nikalia. Hakunibembeleza. Alimaliza kukwangua, akaosha mikono mara tatu kama kawaida yake, akawasha upya; zile mbili nyingine zikangoja, kwa kuwa redresseur ilikuwa moja.

Siku ya nne asubuhi maji ya chumvi katika pipa letu la kwanza yalianza kutoa povu laini, na harufu ya javel ikajaa ua wote hadi macho yakawasha. Muuguzi aliipima, akapiga kofi moja, akaanza tena kuongea haraka. Tulijaza vidumu. Kidumu cha kwanza nilikibeba mimi mwenyewe hadi stesheni, kwa sababu nilikuwa na mtu wangu pale.

Alikuwa jirani yetu tangu utoto wangu, fundi cherehani. Yeye ndiye aliyenishonea gauni nililovaa siku ya kutetea kazi yangu ya diploma, akakataa nisilipie ushonaji, akasema nimlipie siku nitakapokuwa profesa. Alikuwa na watoto watatu. Nilikuwa nimemwona siku mbili kabla, anakaa juu ya cherehani yake iliyofungwa kwa kamba, anatania kwamba treni ikichelewa zaidi atafungua duka.

Nilipofika, dada yake alikuwa anakunja shuka. Cherehani ilikuwa pale. Watoto walikuwa wameketi juu yake, wote watatu kwa mstari.

"Jana," alisema dada yake. "Ilianza asubuhi. Saa kumi alikuwa amekwisha."

Nilimwachia kidumu, nikamweleza vipimo: kijiko kimoja kwa ndoo, usubiri nusu saa. Nilivieleza mara mbili. Nakumbuka nilivieleza vizuri sana.

Kisha nikarudi Kampemba. Shefu alikuwa anabadilisha maji ya pipa la pili. Nilimwambia, "Siku zako nne, Shefu, zimeniulia mtu." Nikachukua kikapu changu nikaenda nyumbani.

Walisema baadaye kwamba wagonjwa walipungua zahanati, na kwamba kule stesheni watu walipanga foleni kwa ajili ya vidumu vya yule mzee wa tai. Ninaamini ni kweli. Sahani zile zilifanya kazi miezi mingi bila kubanduka hata kidogo. Mimi sikurudi. Nilipata kazi ya kufundisha kemia katika shule ya sekondari, vita vikaja na kupita, serikali ikabadilika, pesa ikabadilika, jina la nchi likabadilika. Nilimwona mara mbili tatu kanisani, kwa mbali. Tuliinamishiana kichwa.

Kwa miaka hiyo nilifundisha madarasa mengi. Kila mwaka, nilipofika kwenye somo la risasi na jinsi inavyokaa katika mifupa ya watoto, nililieleza kwa ukali kuliko masomo mengine, na kila mwaka nilijua ni sauti ya nani ninayoitumia. Hilo halikuniondolea hasira. Nilikuwa nayo kama mtu aliye na goti bovu. Anatembea, anafanya kazi, na goti lipo.

Miaka mingi baadaye nilimkuta katika mji mdogo wa Kasomeno. Nilikuwa nakwenda Kasenga kwa msiba, nimepanda lori la mizigo, tairi likapasuka tukaingia mjini kwa shida. Dereva alisema saa nzima. Nilitembea kando ya barabara nikitafuta maji ya kunywa, nikaona mzee ameketi kwenye kigoda mbele ya duka, anachambua maharagwe katika ungo. Alikuwa amevaa tai.

"Shefu."

Aliinua uso. Macho yake yalikuwa na utando mweupe, hakuniona, alisikiliza.

"Sema tena."

"Ni mimi, Shefu. Msaidizi wako."

Alisogeza ungo akatafuta kwa mkono kigoda kingine, akakipangusa. "Ikala, mwana. Ikala." Duka lilikuwa la binti yake; mke wake alifariki, akaletwa huku. Aliniuliza kuhusu shule, kuhusu watoto wangu, kama wanafunzi siku hizi wanaandika namba wanazosoma. Nilimjibu. Tulichambua maharagwe pamoja. Vidole vyake viliona yaliyooza kabla ya macho yangu.

Kisha akasema, kwa sauti ile ile, "Ulinikasirikia."

"Ndiyo."

"Ungali?"

"Sijui, Shefu. Kwa risasi ulikuwa na haki. Nimelifundisha jambo hilo maisha yangu yote."

"Kwa plomb, ndiyo. Kwa plomb ninalala vizuri." Aliacha maharagwe. "Iko kintu ingine, sijakuambia. Zile sahani mbili, zile ulinikuta ninakwangua."

"Zile ambazo hazikukamata."

"Zilikamata, mwana. Skochi ilitoka na alama kidogo, kwa kona, kama vumbi. Kwa kazi ya labo ilikuwa mbaya. Kwa ile kazi ya stesheni, ingetosha. Siku kumi, ingetosha. Nilijua. Mikono yangu ilikamata msasa, na mi niliiacha, sababu sikupenda kutoa kazi yenye alama." Akasogeza ungo pembeni. "Siku moja nzima. Njo ile nilikula."

Magari yalipita. Vumbi lilipanda, likatua juu ya ungo. Nilingoja hasira inijie, ile kubwa ambayo nilidhani nimeihifadhi kwa siku kama hii. Nilimwona tu mzee kipofu ambaye hakuna mtu duniani angeweza kumkamata, na ambaye amejikamata mwenyewe.

"Padri ulimwambia?" niliuliza.

"Nilimwambia. Alinisamehe. Lakini haikuwa muntu yake." Alinyoosha mkono, akaushika mkono wangu juu kidogo ya kiganja. "Ulisema muntu yako alikufa. Ulienda. Hata jina yake sikuisikia. Miaka yote ninamuombea, ninasema: Bwana, na ule wa mwana wangu. Alikuwa nani?"

Sikuwa nimewahi kumwambia. Nilikuwa nimembebesha kifo chake bila kumpa hata jina.

"Ngalula," nilisema. "Alikuwa fundi cherehani."

"Ngalula." Alilisema polepole, akalirudia. "Alikuwa na batoto?"

"Watatu."

Upande wa pili wa barabara dereva alipiga honi. Tairi lilikuwa tayari. Nilisimama, na mzee hakuuachia mkono wangu.

"Na bao," alisema. "Majina yao."

Honi ikapigwa tena. Nilimpungia dereva asubiri, nikaketi, nikaanza na mkubwa.